Nani Alichota Kadi?

Kariakoo, 11 Februari 2024

Mwanangu Candida,

Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia, basi marahaba naitanguliza. Mimi ni mzima. Mgongo ni uleule, asubuhi unalalamika, ukishapata moto unanyamaza. Chumba cha Ilala bado tunakaa watatu. Mwenye nyumba amepaka mlango rangi ya kijani na kila akipita anausimamia kuutazama kama mtoto wake.

Nimesikia umefaulu mwaka wa pili wa utabibu. Nilimwambia Mudi, kiongozi wa kundi letu la wabeba mizigo. Akaniuliza, "Huyo mtoto ni wa kwenu kweli au mliokota?" Nikamwambia ni wa marehemu kaka Pius, na Pius alikuwa hatupi gazeti lililofungiwa vitumbua kabla hajalisoma pande zote mbili. Mimi mdogo wake niliishia darasa la tano, lakini nikisikia habari zako natembea kifua mbele mpaka robota linataka kunidondoka.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye jengo la Mtaa wa Narung'ombe tunakopandisha marobota kuna tajiri anaitwa Sadalla. Anauza unga wa presha, jina lake Tulizo. Sio tapeli, maana yeye mwenyewe anaunywa kila asubuhi mbele yetu. Chini ya ngazi ameweka meza, na dada mwenye koti jeupe anapima watu bure. Mwezi wa kumi na mbili, nimetoka kupandisha robota ghorofa ya nne, jasho linanitiririka, dada akaniita, "Baba, njoo upimwe, ni bure." Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na nne. Akanishika mkono akasema, "Baba, wewe unatembea na kifo mfukoni."

Nikanywa unga wiki tatu. Jumapili moja nimetoka misa ya kwanza, nimekula, nimelala kidogo, nikapita pale. Mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili. Candida, machozi yalinitoka.

Kuna mwenzangu mmoja mke wake ana presha, mwaka wa sita anameza vidonge vya hospitali na amevichoka. Mwenzangu anauliza, je, mke aache vidonge ashike unga? Kila katoni ya unga inakuja na karatasi ya utafiti, kurasa sita, Kiswahili upande mmoja. Nakutumia kwa mkono wa Safari, yule dereva wa fuso la ndizi. Isome unijibu ndiyo au siyo.

Ukipanda Rombo wikiendi nisalimie mama yako mdogo Josepha. Mwambie nipo.

Baba yako mdogo,
Onesphory


Moshi, 3 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama anakusalimu, mbuzi wake wa madoa amezaa pacha na mmoja anamnyonyesha kwa chupa, anamwita Bwana Afya kwa sababu halali wala haachi wengine walale. Nilipanda Rombo wiki iliyopita. Mama mdogo Josepha nilimkuta shambani, tukaongea.

Karatasi nimeisoma. Imenijia wakati mzuri, maana muhula huu tuna somo la kusoma tafiti za tiba, tunafundishwa na Mwalimu Jacqueline. Anatuambia karatasi ya utafiti isomwe kama unavyomsikiliza shahidi mahakamani: kwa adabu, lakini ukimuuliza maswali.

Kwa hiyo baba, sitakujibu ndiyo wala siyo. Nikikujibu hivyo utakuwa umebadilisha tu mtu wa kumwamini. Jana dada wa koti jeupe, leo Candida, na Candida naye mwakani atavaa koti jeupe. Wala sitakupigia simu. Kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo, nimekupata," halafu unaniuliza kama nimekula. Kwenye barua utarudia kusoma hata mara nne, na hakuna anayekuona.

Tuanze na wewe mwenyewe kabla ya karatasi. Acha unga siku tano. Kisha nenda zahanati, upimwe mara tu ukitoka kupandisha robota. Halafu kaa nusu saa kwenye benchi, usiongee, usivute sigara, upimwe tena. Niandikie ulichopata.

Jambo moja silijadili. Mwambie huyo mwenzako mke wake asiache vidonge hata siku moja mpaka tumalize kusoma. Hata siku moja, baba.

Na huyo mwenzako anaitwa nani? Hukumtaja.

Mwanao,
Candida


Kariakoo, 24 Machi 2024

Mwanangu Candida,

Marahaba. Pole ya masomo na hongera kwa Bwana Afya. Huku joto limekaza, chumbani tunalala mlango wazi, na ndiyo faida pekee ya ule mlango wa kijani.

Nimefanya ulivyosema. Nilitoka na robota la vitenge Narung'ombe mpaka zahanati, ni hatua mia mbili tu. Mia moja sitini na nane. Nikakaa kwenye benchi nusu saa kama mtoto aliyeadhibiwa. Mia moja thelathini. Na unga sikuugusa siku tano.

Nikamsimulia Mudi. Mudi akasema, "Kwa hiyo benchi ndiyo dawa? Mimi nataka hiyo dozi." Kesho yake walikuja wote wanane nyuma yangu. Muuguzi akafoka, "Nyinyi mnatafuta nini hapa?" Mudi akamjibu, "Utafiti, dada." Basi akacheka, akatupima. Candida, sote tisa tulikuwa wagonjwa saa nne, na saa nne na nusu sote wazima.

Niliona aibu. Nimebeba mizigo miaka kumi na tisa, najua mwili ukibeba unakuwaje na ukipumzika unakuwaje, na bado niliulizwa swali na mashine nikajibu kama mgeni wa mwili wangu.

Nikaenda kwa Sadalla nikamweleza. Hakukasirika. Alinikaribisha kahawa, akasema, "Onesphory, wewe ni mtu mmoja, na hao wenzako ni wanane. Karatasi yangu ina watu mia moja na ishirini. Wao pia walikuwa wametoka kubeba marobota?" Unijibie wewe.

Jina la mwenzangu si lazima, haliongezi kitu.

Nimempigia Josepha mara mbili hapokei. Ya tatu amepokea, tumeongea kidogo akasema ana kazi. Ukipanda mtazame.

Onesphory


Moshi, 5 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, unisamehe. Mvua ilikata barabara, na kulikuwa na mambo. Mama mdogo Josepha anakusalimu.

Sadalla amekujibu vizuri, wala usimdharau. Mtu mmoja si ushahidi, hata watu tisa. Kwa hiyo sasa tuingie kwenye karatasi yake kwa heshima inayostahili.

Watu mia moja na ishirini wenye presha waligawanywa makundi mawili. Sitini walipewa Tulizo, sitini wakapewa unga wa mchele uliotiwa rangi ileile. Hilo ni jambo zuri. Wewe ulijilinganisha na wewe mwenyewe wa siku nyingine, wao wamelinganisha watu na watu, kwa muda uleule, wote wamekaa kwenye kiti. Na hawakuchagua nani aende wapi, walipiga kura. Tunafundishwa kwamba kura ndiyo inayofanya makundi yafanane, wazee kwa vijana, wanene kwa wembamba, ili mwishoni tofauti ikionekana tuseme ni dawa, si watu.

Nimeona kasoro moja. Kwenye kundi la Tulizo wameanza sitini, lakini jedwali la mwisho lina arobaini na saba. Kumi na watatu hawakuandikwa walikoenda. Hilo linanisumbua. Zaidi ya hapo nimetafuta sijaona, na lazima nikwambie ukweli, huenda unga unafanya kazi.

Soma ukurasa wa tatu, pale walipoeleza kura. Usome taratibu. Ukiona neno usilolielewa ulizungushie mstari.

Mwanao,
Candida


Kariakoo, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi na haikucheka hata mara moja. Nimeiona hiyo, sijui maana yake. Hatujambo. Mvua imejaza mtaa, tunabeba huku maji yako kwenye vifundo vya miguu.

Ukurasa wa tatu nimeusoma siku sita. Nitakuambia nilichoona, ila kwanza nikueleze tunavyofanya kazi, maana sijawahi kukueleza na bila hivyo hutanielewa.

Tuko tisa. Fuso likija, mizigo mingine inaingia stoo ya chini, mingine inapanda ghorofa ya nne, na lifti haipo. Hakuna anayetaka ghorofa ya nne. Kwa hiyo tunapiga kura ya vizibo vya soda. Vizibo tisa ndani ya soksi, vitatu vimepakwa rangi kwa ndani. Ukichota cha rangi, unapanda. Zamani Mudi ndiye aliyeshika soksi na kutuchotea mmoja mmoja. Ilichukua miezi kugundua kwamba shemeji yake hapandi kamwe. Mudi alikuwa amekunja ukingo wa vizibo vya rangi kidogo tu, kidole kinahisi. Jina la shemeji likifika, kidole kinaruka. Kura ilikuwepo, soksi ilikuwepo, vizibo tisa vilikuwepo, na bado ilikuwa uongo. Ugomvi ule ulitaka kuvunja kundi.

Tangu siku hiyo anayechota ni mama Siwema anayetuuzia chai. Anachota akiwa ametupa mgongo, anatazama sufuria yake, na anaviweka chini mstari mmoja bila kujua nani amesimama wapi. Mudi mwenyewe alikubali. Akasema, "Mimi ni mwizi lakini napenda amani."

Sasa soma ukurasa wa tatu. Imeandikwa: "Muuguzi alimpokea mgonjwa, akamhoji na kumpima, kisha akachota kadi kwenye kopo. Kadi ya kijani, Tulizo. Kadi nyeupe, mchele."

Candida, nani alichota kadi? Yuleyule aliyekwisha kumwona mgonjwa. Anajua huyu ni bibi amechoka, huyu ni kijana mwenye nguvu, na macho yake yako ndani ya kopo, na kadi zina rangi. Huyo ni Mudi ameshika soksi.

Sikutaka kumsingizia mtu, nikasema ngoja, kama amechezea, itaonekana wapi? Kwetu ilionekana kwa shemeji kutopanda. Nikatafuta shemeji. Yuko ukurasa wa nne, jedwali la kwanza, mstari wa umri. Waliopata Tulizo, umri wa wastani miaka arobaini na minne. Waliopata mchele, hamsini na minane. Nikamuuliza kijana mmoja dukani "wastani" ni nini, akanieleza kwa maembe. Watu mia na ishirini, kura safi, halafu wazee wote waangukie upande mmoja na vijana upande wa pili? Soksi yetu tangu mama Siwema aishike haijawahi kufanya hivyo hata wiki moja.

Nilimsomea Mudi. Akasema, "Amenizidi. Mimi nilikuwa na shemeji mmoja tu."

Sasa ndio niseme kilichonileta kwenye karatasi hii. Hakuna mwenzangu. Mke ni Josepha. Makopo manne nilimtumia mwezi wa kwanza kwa fuso la Safari, kabla sijakuandikia wewe. Nilimwambia vidonge vile vimemtawala miaka sita, apumzike. Ulipoandika asiache hata siku moja nilimpigia. Nilitaka kumwambia nimekosea. Nikasema, "Josepha, vidonge navyo si vibaya." Hivyo tu. Ulimi ulikataa. Sasa simu hapokei kabisa. Panda Rombo, mwanangu, umwambie wewe, na unijulishe.

Onesphory


Moshi, 9 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo.

Barua yako niliipeleka darasani. Nilimsomea Mwalimu Jacqueline habari ya soksi na vizibo, kisha ukurasa wa tatu, kisha mstari wa umri. Darasa zima tulikuwa tumeisoma ile karatasi, watu thelathini na wanne, na sote tuliona neno "kura" tukaridhika. Mwalimu alivua miwani. Aliniuliza, "Huyu baba yako mdogo anafundisha wapi?" Nikasema Narung'ombe. Akaandika ubaoni: Nani alichota kadi, na alikuwa amemwona mgonjwa? Akatuambia kuanzia siku hiyo hilo ndilo swali letu la kwanza. Baba, mimi ndiye niliyekuambia sijaona kasoro nyingine. Wewe umeiona. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba najivunia.

Sasa nami nina la kusema, na ulimi wangu pia ulikataa.

Makopo nilijua tangu mwezi wa pili. Nilipopanda Rombo niliyaona juu ya kabati, na barua yako ya "mwenzangu" ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia mama mdogo arudi kwenye vidonge. Akasema, "Mume wangu amesema nipumzike, na mume wangu hajawahi kunidanganya."

Jumanne baada ya Pasaka alianguka jikoni. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kushoto ukafa. Alilala hospitali siku tisa. Sasa yuko hapa nyumbani kwetu, anaongea vizuri, anatembea, vidonge anameza mbele ya macho yangu au ya mama. Mkono haujarudi sawasawa. Kanga hawezi kujifunga mwenyewe.

Alinikataza kukuambia. Nilibishana naye. Alisema, "Akijua leo atakuja mbio, atalia, atanibebea maji wiki moja, kisha atarudi huko kumwamini mtu mwingine. Mwache asome kwanza." Nilikuwa nikikaa kitandani kwake namsomea barua zako. Ile ya kupimwa nyote tisa alicheka mpaka tukaogopa. Ya vizibo hakucheka. Aliniambia niisome tena.

Nilipomaliza mara ya pili, pale unaposema hakuna mwenzako, alisema, "Sasa mwambie. Lakini asije mpaka nimwite."

Nisamehe, baba.

Candida


Kariakoo, 16 Juni 2024

Candida,

Nimesoma.

Nilikwenda mpaka kituo cha mabasi Mbezi na begi. Nikakaa pale tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, mabasi manne ya Moshi yakaondoka. Amesema nisije mpaka aniite. Nikarudi Ilala.

Nilikukasirikia siku mbili. Ulikuwa ukinifundisha kusoma huku ukijua. Siku ya tatu nikaona kwamba ungeniambia mapema ningelia tu, na ningesema Mungu amependa, na ile karatasi ningeiacha ilivyo, na makopo yangeenda kwa mke wa mtu mwingine kwenye mabega yangu haya haya. Umefanya jambo gumu na wewe ni mtoto. Sikulaumu.

Nilipanda kwa Sadalla. Sikupiga kelele. Niliweka karatasi mezani, nikamwonyesha kopo, kadi, umri, wale kumi na watatu. Alisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari. Nikamwambia mke wangu amefikia wapi. Akasema, "Mimi pia ninaunywa, Onesphory." Meza imeondoka chini ya ngazi. Kama ni kwa siku chache au moja kwa moja, sijui. Mimi katoni zile sizibebi tena, na Mudi amesema kundi zima halibebi.

Mwambie Josepha sisemi kitu. Mwambie nangoja.

Onesphory


Moshi, 21 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mzima. Bwana Afya ameota pembe na sasa anawafukuza watoto wa jirani.

Mama mdogo ameanza kukunja vidole vya mkono wa kushoto. Wiki hii alikamua chungwa, maji yakaenda kila mahali isipokuwa kikombeni, akafurahi kama ameshinda kesi.

Jambo jipya. Hospitalini daktari amemwomba aingie kwenye utafiti. Wanalinganisha kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake na vidonge viwili vya kawaida, kwa watu waliowahi kupata kiharusi. Akampa karatasi ya kusaini na muhtasari wa utafiti wa kwanza uliofanyika mkoa mwingine, Kiswahili kizuri.

Nilikuwepo. Daktari alimwekea kalamu mkononi. Mama mdogo akaiweka chini. "Sisaini mpaka mume wangu ameisoma."

Daktari akauliza, "Mzee ni daktari mwenzetu?"

"Anabeba marobota Kariakoo."

Daktari alinitazama mimi kama nimsaidie. Mama mdogo akaendelea, "Alinitumia unga bila kusoma, nikaanguka. Sasa amejifunza. Akisoma hii nitajua la kufanya."

Daktari, nimpe haki yake, hakucheka. Alisema ana mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Tulipofika nje nikamuuliza mama mdogo kama wewe ukinijibu kwa barua itatosha. Akasema, "Barua zake nimezisikia za kutosha. Ailete mwenyewe."

Karatasi zote ziko ndani ya bahasha hii.

Mwanao,
Candida


Kariakoo, 4 Agosti 2024

Mwanangu Candida,

Marahaba. Nimezisoma karatasi za daktari wiki nzima, chakula cha mchana nakula nazo, mama Siwema ananiletea chai anasema, "Profesa, nyanyua vitabu nifute meza."

Nitakuandikia nilichoona ili nawe unisahihishe nikifika.

Kura haikupigwa na anayemhudumia mgonjwa. Jina linapelekwa kwa simu kwenye ofisi ya mji mwingine, huko ndiko wanakotaja kundi, na wao hawajamwona mgonjwa hata kivuli. Nilitafuta shemeji kwenye jedwali la kwanza: umri, uzito, presha ya kuanzia. Pande zote mbili karibu sawa. Sikumpata.

Walioanza ni mia mbili na kumi. Waliomaliza mia moja themanini na tisa. Nilihesabu waliotoka, ishirini na mmoja, kila mmoja ameandikwa sababu. Saba walihama. Wanane walichoka. Watano waliumwa tumbo, na wameandika kwamba ni kidonge kilichowaumiza. Mmoja alifariki, na ameandikwa alikuwa kundi la kidonge kipya. Candida, nilisimama pale muda. Watu wanaotaka nikiamini kidonge chao wameniambia mwenyewe kwamba kwao kuna aliyekufa. Ni mara ya kwanza karatasi inaniheshimu hivyo. Kuna watu wamekaa mahali wakafikiria jinsi ya kujizuia wenyewe wasidanganye, wakafunga mlango mmoja, wakaona mwingine, wakaufunga. Mimi nilidhani usomi ni kujua majibu.

Lililonitia shaka: tofauti waliyopata ni ndogo, na wengi wao ni wanaume. Josepha ni mwanamke. Pia ukurasa wa nne kuna mistari miwili kuhusu uwezekano wa bahati, hiyo sikuielewa hata baada ya maembe. Nimeizungushia mstari. Daktari atatueleza, na akishindwa kueleza tutajua hilo nalo.

Nimemaliza kusoma, lakini kusaini au kukataa si kwangu. Mwili ni wake. Mara ya kwanza niliamua badala yake, kwa upendo, na tumeona. Nitakaa karibu yake, yeye ashike karatasi kwa mkono ule wa kushoto kadiri utakavyoweza, mimi nisome kwa sauti, akinisimamisha nisimame.

Mudi amenipa siku kumi na nne na amekataa nimshukuru. Kesho kutwa alfajiri nipo kwenye basi. Usiandike tena, barua itapishana na mimi njiani. Mwambie mama yako mdogo nimesikia ameniita.

Baba yako mdogo,
Onesphory